Likiponyoka Moja

Kila alasiri akitoka shule, Sindano alipitia kwenye karakana ya ushonaji kabla ya kwenda nyumbani. Mafundi walimpa jina hilo kwa wembamba wake, naye alilizoea. Aliokota pini sakafuni kwa sumaku, akafagia vipande vya kitambaa, kisha akamtungia babu yake uzi, maana macho ya Babu hayakuliona tena tundu la sindano.

"Mwakani napumzika," Babu alisema, akiitazama cherehani ya marehemu Bibi iliyofunikwa shuka. "Mwenzangu alichangia mfuko wa uzeeni mpaka mwisho, asiufaidi. Nami nikiukosa?"

Mfuko huo ulikuwa wa mafundi wote. Kila mwezi waliweka akiba humo, ili faida yake iwatunze nguvu zikiwaishia.

Siku ya mkutano, fundi waliyemwita Mkasi alisimama. "Ndugu zangu, mwaka jana kitambaa cha sare za shule kilitulipa kuliko vyote. Tuuze vyumba vya kupangisha, tuuze na hatifungani, zile hati za kuikopesha serikali kwa riba. Tununue majora ya buluu tupu."

"Mimi sikubali," alisema Babu. "Theluthi kitambaa, theluthi vyumba, theluthi hatifungani, kama ilivyo sasa."

"Mzee wangu, wewe hata viatu utanunua kila mguu na duka lake."

Kicheko kikapasuka. Mkasi akaongeza, "Mshika mawili moja humponyoka."

"Sawa. Likiponyoka moja, si lingine linabaki mkononi?"

Mikono iliyonyooshwa ilipohesabiwa, Babu alishinda kwa mkono mmoja. Njiani Sindano alinuna.

"Babu, wamekucheka. Tena kitambaa kinalipa, vyumba vinajikokota."

"Kweli, vinajikokota," Babu alijibu, akaendelea kutembea.

Muhula wa mwisho, wanafunzi wakiwa kwenye mstari, mwalimu mkuu alitangaza kwamba shule zote za pale zitaacha sare za buluu na kuvaa kahawia. Kengele ya mwisho ilipolia, Sindano alikimbia moja kwa moja karakanani.

Majora ya buluu yalikuwa yamepangwa ukutani. Mkasi aliposikia habari, aliketi juu ya jora moja. "Na mimi nilitaka tununue kwa fedha yote," alisema polepole.

Mwaka huo faida ya mfuko ilipungua. Lakini wapangaji walilipa kodi, na riba ya serikali ilifika. Babu akastaafu kama alivyopanga.

"Ulijuaje kama rangi itabadilika?" Sindano alimuuliza.

"Sikujua, mjukuu wangu. Ningejua, ningenunua kahawia. Mtu hugawa akiba yake kwa sababu hajui ya kesho. Mwaka mzuri atapata pungufu kidogo kuliko aliyeiweka yote mahali pamoja. Mwaka mbaya hatalala njaa."

Kisha akaiondoa shuka kwenye cherehani ya Bibi, akaikunja taratibu, akavuta kiti.

"Kaa hapa. Masomo unayo, usiyaache. Sasa shika na la pili."