Nani Ashike Kiatu cha Mfalme?

Zamani sana, kabla bibi wa bibi yako hajaota jino, milimani aliishi mtoto aitwaye Mkunde.

Mkunde alikuwa mdogo, lakini hakudanganyika kirahisi. Ukimpa uji, anaunusa kwanza. Ukimwambia afumbe macho, anafumba moja.

Aliishi na mama yake na bibi yake, Bibi Nakiete. Bibi ndiye aliyegawa maji pale kijijini.

Juu ya kijiji palikuwa na bwawa. Bwawa lilikuwa na tundu lenye kizibo, na Bibi alikuwa na fimbo ndefu ya kuzibulia.

Kila asubuhi watu walikusanyika bwawani. Bibi aliuliza, "Leo zamu ya nani?"

Watu walibishana kidogo, wakacheka kidogo, wakakubaliana. Ndipo Bibi akazibua. Chururu, chururu, maji yakashuka shambani.

Hata Mfalme alingoja zamu yake. Bustani yake ilikuwa kubwa kuliko mashamba yote, na kungoja hakukupenda hata kidogo.

Siku moja baragumu likalia. Puu! Mjumbe wa Mfalme akafika, amevaa vizuri, anatabasamu.

"Bibi Nakiete, Mfalme amekuheshimu," akasema. "Utakaa kwake na kula kwake. Kila asubuhi utamshikia kiatu cha kushoto akivaa."

Watu wakapiga vigelegele. Mama naye akapiga. Mkunde hakupiga.

"Mh," akasema Mkunde. "Hapa pana namna."

"Namna gani?" akauliza Mama.

"Kwani Mfalme hana mikono?"

"Nyamaza, mtoto wewe," Mama akanong'ona.

Mjumbe akazidi kutabasamu. "Fimbo niachie mimi, Bibi. Usije ukachoka njiani."

Bibi akampa, akaenda. Mkunde alilia mpaka pua ikaziba.

Kesho yake hakuna aliyeuliza zamu ya nani. Mjumbe alizibua mwenyewe. Chururu, chururu, maji yote yakaenda kwenye bustani ya Mfalme.

Siku iliyofuata, tena. Na iliyofuata, tena.

Mama akamfuata mjumbe bwawani. "Magimbi yetu yananyauka," akasema. "Zamu yetu lini?"

"Mfalme ameamua," akajibu mjumbe.

"Amemuuliza nani?"

"Mfalme haulizi siku hizi."

"Mh," akasema Mkunde. "Hapa pana namna."

Safari hii Mama hakumnyamazisha.

Mkunde akachuma jani la gimbi. Lilikuwa kavu, linalia kwacha, kwacha. Yeye na Mama wakashika njia kwenda kwa Mfalme.

Huko waliwakuta wazee wa vijiji vyote, wamejipanga mstari. Mmoja ameshika kofia ya Mfalme. Mwingine ameshika kikombe. Mzee Mbonea wa kijiji cha ng'ambo ameshika kiatu cha kulia. Na Bibi ameshika cha kushoto.

"Shikamoo, Bibi," akasema Mkunde.

"Marahaba, mjukuu wangu. Sogea pembeni kidogo. Nikikishika vizuri, huenda kesho nikapewa cha kulia."

"Cha kulia ni changu," akasema Mzee Mbonea, akamtupia Bibi jicho baya.

Mkunde hakujua acheke au alie. Akalichukua lile jani, akaliweka juu ya kiatu. Kwacha.

Bibi akaliangalia. "Hili limetoka wapi?"

"Shambani kwetu."

"Na maji nani anagawa?"

"Mfalme ameamua yote yaende kwake," akasema Mama.

Bibi akamgeukia Mzee Mbonea. "Na kwenu huko, nani anaamua mambo tangu uje hapa?"

Mzee Mbonea akakitazama kiatu alichoshika. Hakujua. Mwenye kofia hakujua. Mwenye kikombe hakujua. Muda wote huo walikuwa wakioneana wivu kwa ajili ya viatu.

"Mh," akasema Bibi. "Hapa pana namna."

Akaweka kiatu chini. Pu.

Mzee Mbonea naye akaweka chake. Pu. Kofia ikafuata. Pu. Kikombe kikafuata. Pu.

Kwenye kiti chake, Mfalme alikuwa ameshainua mguu. "Nani atanivisha?" akauliza.

"Kwani Mfalme hana mikono?" akauliza Mkunde. Hakuuliza kwa dharau. Alitaka kujua tu.

"Mfalme ameamua," akasema Mfalme. "Rudini kwenye mstari."

Lakini wazee walikuwa wameshatoka, na hakukuwa na aliyebaki kumsikia.

Njiani Bibi akakutana na mjumbe. Akanyoosha mkono, akatabasamu.

"Lete fimbo yangu, mwanangu," akasema. "Usije ukachoka."

Asubuhi iliyofuata watu wakajaa bwawani. Bibi akauliza, "Leo zamu ya nani?"

"Yetu," akasema Mama.

Nyuma kabisa, mkono mmoja ukanyooshwa. Alikuwa Mfalme. Viatu alikuwa amevivaa mwenyewe, cha kushoto mguu wa kulia.

"Naomba na mimi maji," akasema.

"Utapata, Mfalme," akasema Bibi. "Zamu yako ikifika."

Akazibua. Chururu, chururu, mpaka kwenye magimbi.

Jioni, wakati wa kulala, Bibi akainama amvue Mkunde viatu. Mkunde akarudisha mguu.

"Acha, Bibi. Navua mwenyewe."

Bibi akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Fimbo iko wapi?" akauliza Mkunde.

"Hii hapa."

Mkunde akainusa. Ilinuka tope la bwawani. Akailaza kitandani, kati yake na Bibi.

Akafumba jicho moja. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu Bibi aondoke, akafumba na la pili.