Neno la Kwenye Ripoti ya Naima

Ndugu zangu, Mungu atupe masikio ya kusikilizana. Jioni hiyo, kule Chanika, Mwanaheri alikuwa anachambua mchele barazani, na binti yake Naima, wa miaka tisa, akisuka ukili. Palikuwa pametulia. Kisha mumewe, Twaha, akaingia na ripoti ya shule.

"Naima is slow," akasoma kama anayesoma hukumu. "Mzito. Hafundishiki."

"Nani kasema hafundishiki?"

"Mama Naima, si hii hapa! Kizungu hakibabaishi. Muhula ukiisha, aende kwa shangazi yake akakaange maandazi."

Basi likawa ndilo jina. Kaka zake wakimwita: "We Slow, lete maji!" Mwanaheri, mgongo ukimuuma kwa kufua nguo za watu, hakuwa na nguvu ya kubishana. Alimlilia Mungu tu, kila baada ya swala.

Mwanaheri mwenyewe alikuwa akisoma Kiingereza kwenye masomo ya jioni. Siku moja Mwalimu Atuganile akaliandika neno lile lile ubaoni.

"Basi la abiria huwa slow, yaani la polepole, saa huwa slow, hata biashara. Haya, Mwanaheri, sentensi."

"My daughter is slow."

"Vizuri, dada. Kwenye nini?"

"Sijui, mwalimu. Ndivyo walivyoandika."

"Saa ikichelewa tunaifungua, tunaitazama. Mtoto je, umemtazama?"

Kesho yake alimwita Naima kwa nyuma mara tatu. Mtoto hakugeuka. Akazunguka mbele, akalitaja jina kwa kunong'ona, mtoto akimtazama midomo.

"Abee, mama!"

Mwanaheri akamvuta karibu, akamtazama masikio. Usaha wa masikio ya Naima alikuwa akiufuta kwa ncha ya kanga tangu chekechea, akisema ni mambo ya watoto, yatapita.

Hospitali wakamwambia sikio la kushoto limekwisha kufa. La kulia litapona akizingatia dawa.

"Mngewahi mwaka jana," daktari akasema.

Twaha, aliyewasindikiza, alijiinamia kwenye benchi. "Lakini waliandika kwa Kiingereza," akasema.

Mwanaheri akamshika Naima mkono, wakaenda kupanga foleni ya dawa.

MAFUNZO

Wazazi wenzangu, neno la kigeni si hukumu ya Mungu. Mtoto akipewa sifa mbaya, kwa lugha yoyote ile, tusiigeuze jina lake. Tuulize: kwenye nini, na kwa sababu gani? Twaha alilisoma neno vizuri tu. Mtoto ndiye ambaye hatukumsoma, mimi na wewe tukiwamo, na sikio moja la Naima halitarudi.