Kompyuta Iliyochaguliwa kwa Taa Zake

Kila asubuhi kabla ya shule, Ketsia alisuuza ndoo ya maziwa akampelekea mama yake zizini, nyuma ya nyumba yao mjini Bunia. Zizi lilikuwa kubwa mno kwa ng'ombe mmoja. Wengine wote walipotea wakati wa vita. Madoa peke yake ndiye aliyefika mjini pamoja nao, akichechemea.

Asubuhi moja alikuja mnunuzi, mzee mwembamba mwenye fimbo. Hakujali pembe wala ngozi. Aliomba ndoo, akachuchumaa, akamkamua Madoa mpaka tone la mwisho, kisha akaonja. Ketsia alimnong'oneza mama yake kwamba mzee huyu anawadharau. Mama Adeline alisema hapana, anayenunua ng'ombe wa maziwa humkamua kwanza, mbele ya mwenyewe. Kisha akageuza uso, maana kamba ya Madoa ilikuwa inafunguliwa.

Madoa aliuzwa ili Honoré, kaka yake Ketsia, apate kompyuta kubwa ya mezani. Honoré alikuwa amejifunza kutengeneza filamu za arusi huko Mahagi. Tayari alikuwa amepiga picha za arusi ya Fifi, binti wa jirani, kwa kamera ya kuazima, na filamu ilingojwa Jumapili. Lakini siku ya kwenda dukani malaria ilimlaza. Alimpa Ketsia flashi yenye picha zile, kwa kuwa alikuwa amemfundisha kazi kidogo, akamwagiza asitazame uzuri wa mashine. Aiwekee arusi ya Fifi, aiache iunganishe filamu mpaka mwisho. Michezo angecheza baadaye, nyumbani, kazi ikiisha.

Dukani kulikuwa na kompyuta mbili. Moja ilikuwa nyeusi, imenyamaza kama sanduku. Nyingine ilikuwa na ubavu wa kioo, na ndani yake feni zilizunguka kwa taa za buluu na nyekundu. Papa Rémy, mwenye duka, aliwasha jenereta ili wajaribu, akaenda kuhudumia wateja wengine. Mama Adeline alikaa mlangoni, pesa zikiwa zimefungwa kwenye kitenge.

Kwenye ile ya kioo Ketsia aliona mchezo wa magari, akaufungua mara moja tu. Magari yalikimbia kama mto uliofurika. Alipokumbuka flashi, mafuta ya jenereta yalikuwa yamekwisha.

Mama aliuliza kama mashine ya kioo imebeba filamu ya Honoré.

"Imebeba, mama," alisema Ketsia.

Mama akailipia. Nyumbani, Honoré aliketi mbele ya mashine akiwa na blanketi mabegani. Filamu ilianza kuunganika, kisha kioo cha picha kikaganda. Aliwasha upya, kikaganda tena. Alipunguza picha, akaanza mwanzo, akashika kichwa. Baba yake Fifi alituma mtu kuuliza, kisha akaja mwenyewe. Honoré aliwaza kwamba kama mashine ilibeba filamu dukani na nyumbani inakataa, basi kosa ni la mikono yake.

"Shida haiko ku mashine," alimwambia mama. "Iko mimi."

Machozi yalimtoka, mtu mzima. Ketsia alikuwa hapo hapo mlangoni. Alijiambia atasema kesho, na kesho ilipofika, alijiambia vilevile.

Jumamosi alipotoka shule, alikuta begi la Honoré barandani. Kompyuta ilifunikwa kitenge, kama maiti. Honoré alikuwa ameacha filamu, anangoja pikipiki ya kumpeleka kuchimba kwenye mashimo ya dhahabu. Binamu yao Blanchard alikwenda huko, na tangu barabara iwe mbaya hakuna aliyeleta habari zake. Mama alikuwa ndani ya zizi tupu, amekalia ndoo iliyopinduliwa, mgongo kwa nyumba.

"Yaya, kaka yangu, usiende," alisema Ketsia. "Sikuijaribu. Nilicheza magari mpaka jenereta ikazima. Nilidanganya."

Honoré alimtazama sana. "Weye uliniona nikilia," alisema polepole, "na ulinyamaza."

Mama aliinuka. Hakumpiga. Pikipiki ilipofika, aliagiza ipakie kompyuta badala ya begi.

Dukani, Papa Rémy alikataa kwanza: kitu kikitoka mlangoni hakirudi. Mama alimsukuma Ketsia mbele, aseme mwenyewe. Alisema yote mbele ya wateja, na kijana mmoja akacheka akimwita shoferi. Papa Rémy hakucheka. Alikiri kwamba naye alipaswa kusimama pale waone pamoja. Akafungua ubavu wa kioo, akawaonyesha: sehemu ya kuchora picha ilikuwa na nguvu, iliutosha mchezo, lakini kumbukumbu ya kufanyia kazi ilikuwa ndogo kwa filamu ndefu. Akakubali kubadilisha.

Honoré aliweka flashi kwenye ile nyeusi. Wote walisimama wakitazama, jenereta ikinguruma, mpaka Fifi akatoka kanisani kwenye kioo cha picha na neno la mwisho la filamu likapita. Honoré akaficha uso kwa mikono yake.

Njiani kurudi, Mama Adeline alimshika Ketsia mkono.

"Muzee aliyenunua Madoa hakuniamini kwa maneno, na sikukasirika," alisema. "Alijaribu ng'ombe kwa kazi yake. Mimi sikujaribu mashine, sababu nilikuamini weye. Mutoto mwenye kusema kweli, mama yake hana haja ya kumujaribu. Leo umesema kweli ukiwa umechelewa, lakini yaya yako yuko hapa. Anza tena hapo."

Kesho yake asubuhi Ketsia alichukua ndoo kwa mazoea, kisha akasimama, maana zizi lilikuwa tupu.

"Isuuze," alisema mama. "Honoré akipata kazi, tutanunua ng'ombe mwingine. Tutaihitaji."