Kisiki cha Nyuma ya Nyumba

Kila asubuhi Mama Pacha alifungua mlango wa jikoni, na kila asubuhi pori lilimkodolea macho. Miiba, vichaka, visiki. Nyoka nao walijifanya ndio wenye nyumba. Shamba la mbele lilikuwa limechoka, na mavuno yake hayakufika msimu wa pili. Yeye na mumewe wakilima huku nyuma, pacha wao watashiba. Wasipolima, basi tena.

Siku moja mumewe alirudi na trekta dogo la kikundi cha wakulima. Mama Pacha alicheka mpaka akashika kiuno.

"Hako kadude kataliweza pori hili?"

"Cheka tu," alisema Baba Pacha. "Leo utanyamaza mwenyewe."

Na kweli alinyamaza. Kadude kaliingia vichakani kakinguruma, na mashine ya kufyekea ikikafuata nyuma. Miiba ililala chini. Mwanga ukaingia mahali ambapo Mama Pacha hakuwahi kuona udongo. Ulikuwa mweusi, laini, unanukia mvua. Aliushika mkononi asiamini.

"Makubwa haya!" alisema.

Kikabaki kisiki kimoja, kinene kuliko pipa. Baba Pacha alikizungushia mnyororo. Ncha ya pili akaifunga juu, nyuma ya kiti cha trekta.

"Mbona juu hivyo?" aliuliza mkewe.

"Muhogo unaung'oaje? Si unavuta kwenda juu?"

Mama Pacha aliona sawa. Nani hajang'oa muhogo?

Trekta likavuta. Mnyororo ukakaza. Kisiki kimya. Mara magurudumu ya mbele yakaachana na ardhi, yakapanda, yakapanda. Mama Pacha aliliona tumbo la trekta. Alimwona mumewe amelala chali kitini, na chuma chote kile kinataka kumwangukia.

"Klachi! Kanyaga klachi!" mtu alipiga kelele kutoka njiani.

Baba Pacha alikanyaga, magurudumu ya nyuma yakaacha kusukuma. Trekta likarudi chini kwa kishindo. Alishuka, akaketi mavumbini.

Aliyepiga kelele alikuwa Bibi Shamba, yule mtaalamu wa kilimo anayewatembelea wakulima.

"Pole, Baba," alisema. "Lakini kisiki si muhogo. Ukifunga juu na kisiki kikigoma, magurudumu ya nyuma yanazidi kusukuma, na trekta linajipindua. Ni kufumba na kufumbua."

"Sasa nifunge wapi?"

Bibi Shamba aliinama, akagusa chuma cha kuvutia mizigo, chini ya ekseli, ule mhimili wa magurudumu ya nyuma. "Hapa chini, si kwingine. Na kwanza chimbeni, mkate mizizi. Kisha vuta taratibu. Mama, wewe simama mbali. Mnyororo ukikatika, unaruka."

"Na ile miti ya mteremkoni?" Mama Pacha aliuliza. "Tuimalize?"

"Iacheni. Inashika udongo. Au mnataka mvua ilibebe shamba lenu?"

Walichimba, wakakata mizizi mpaka mikono ikaota malengelenge. Kisha Baba Pacha akafunga mnyororo chini. Akahakikisha. Akahakikisha tena.

Trekta likavuta taratibu, magurudumu yote manne chini. Ardhi ikapasuka. Kisiki kikainama, kikatoka na mizizi minene kama mapaja ya mtu. Shimo lilibaki wazi. Kadude kadogo hivyo! Mama Pacha alijikuta analia na kucheka kwa pamoja.

Msimu ule mahindi yaliwazidi urefu. Pacha walikula, wakaomba tena, wakasaza.

Kile kisiki walikichonga kikawa kiti cha uani. Jirani akija kuuliza habari za trekta, Baba Pacha humkalisha hapo kwanza.

"Umekaa vizuri?" humuuliza. "Hicho nusura kiniue. Haya, njoo nikuonyeshe pa kufunga mnyororo."