Mpira Uliokataa Kusimama

Asubuhi na mapema, mama na binti walitoka nyumbani bila kusemezana. Si kwamba walikuwa wamegombana. Ni vile saa ile hata maneno yanakuwa bado yamelala. Mama alibeba chupa ya chai kwapani. Binti alibeba fimbo yake fupi ya gofu begani, kama mkulima na jembe. Walivuka barabara, wakapita geti dogo la wafanyakazi, na hapo kiwanja kikafunguka mbele yao: nyasi kila upande, ukungu umelala juu yake kama shuka lililotandikwa na mtu mvivu, na bendera za mashimo zikichungulia hapa na pale.

Mama alikuwa dereva wa mashine ya kukata nyasi. Kazi yake ilikuwa kuzinyoa grini zote kabla wachezaji hawajafika. Grini ni ile sehemu laini kama zulia, yenye shimo na bendera. Ukishafika hapo hupigi tena mpira ukapaa. Unausukuma tu, ukabingirika taratibu mpaka shimoni. Ya mwisho kunyolewa ilikuwa grini ndogo ya mazoezi, karibu na bohari ya mashine. Basi kila siku, mpaka mashine ya mama iikaribie, grini ile ilikuwa mali ya binti.

Binti mwenyewe alikuwa na miaka kumi na miwili, na kila mtu alimwita Mawazo. Ukimtuma chumvi atarudi na kiberiti, au atarudi mikono mitupu akusimulie wingu aliloliona njiani. Lakini kwenye gofu hakuwa mvivu hata kidogo. Alimwaga mipira yake yote chini, akaisukuma mmoja baada ya mwingine, mbio mbio, kama mtu anayemenya njegere.

Kilichomvuta zaidi ni umande. Nyasi zote zilikuwa za fedha wakati ule, na kila mpira uliopita uliacha mstari wa kijani. Mawazo aliona wapi mpira ulikwenda sawa na wapi ulipinda. Punde grini ilijaa mistari, naye akaanza kuitazama kama ramani. Ule mrefu ni mto. Ule uliopinda ni reli. Na kule mwisho, penye shimo, ndiko kwa baba.

Baba yake alikuwa fundi kwenye karakana ya treni, katika mji wa mbali. Alirudi nyumbani kwa nadra, tena kwa haraka, na hakuwahi kumwona binti yake akicheza. Kila alipopiga simu aliuliza, "Mpira unaingia, mama?" Mawazo alijibu, "Unaingia, Baba." Na mwaka huu mashindano ya watoto yangefanyika mji uleule wa karakana. Kocha angechagua wanne tu. Watoto wangecheza Jumamosi mbili, mapigo ya siku zote mbili yajumlishwe, na wenye mapigo machache ndio wangepanda treni.

"Nikikosa hapa," Mawazo alimwambia binamu yake, "Baba ataendelea kunisikia kwenye simu tu, kama redio."

Binamu huyo aliitwa Kijiko, kwa sababu mpira wake ukizama mchangani aliuchota kwa ustadi kama mtu anayechota uji. "Usijali," alisema. "Mimi nikienda, nitamsimulia ulivyokosa."

"Nenda huko!"

Jumamosi ya kwanza ilifika. Siku zote watoto walifanya mazoezi asubuhi, kabla wakubwa hawajajaa kiwanjani. Safari hii wakubwa walikuwa na shindano lao asubuhi, kwa hiyo watoto wakapangiwa mchana. Jua lilikuwa kali, anga nyeupe, hata ndege wamenyamaza. Mawazo alipiga mpira wake wa kwanza vizuri sana. Ulipaa, ukakaa angani kama umesahau kushuka, kisha ukatua karibu na grini. Moyo wake ukapaa nao.

Akafika penye bendera. Akasukuma vilevile alivyozoea. Mpira ukatoka, ukakaribia shimo, ukalipita. Ukaendelea. Mawazo aliusindikiza kwa macho, mdomo wazi, mpira ukibingirika polepole kama wa kwenye ndoto, ile ndoto unayoita mtu naye hageuki.

"Simama!" akanong'ona. Wapi!

Akaurudisha kutoka upande wa pili. Ukapita tena. Shimo la pili hivyohivyo, na la tatu. Kijiko alijaribu kujizuia kucheka, akashindwa. "Dada, unausukuma au unaufukuza?" Jioni, mapigo yalipohesabiwa, Kijiko alikuwa juu kabisa. Mawazo alikuwa wa saba kati ya watoto tisa.

Nyumbani alikuta mama akichambua mchele mlangoni. Hakusalimu. Alisimama palepale na fimbo yake mkononi.

"Mama, leo umenyoa nyasi mno."

Mama akainua kichwa. "Nimefanya nini?"

"Umekata fupi mno! Mpira hausimami. Kila siku unasimama, leo tu, siku yangu, hausimami. Umeniharibia!"

Mama aliweka ungo chini. Angeweza kufoka, na haki angekuwa nayo. Alisema tu, "Kisu cha mashine nimekiweka urefu uleule wa kila siku, mwanangu." Kisha akaingia ndani, na ule ungo ukabaki mlangoni, mchele nusu umechambuliwa. Mawazo alitamani maneno yake yarudi mdomoni. Lakini maneno nayo siku ile yalikataa kusimama, yalishamfika mama.

Kesho yake, kabla hakujapambazuka vizuri, alikwenda kiwanjani peke yake. Alimkuta Kocha akifungua kabati la fimbo. Kocha alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini, asiyependa kurudia jambo.

"Shikamoo, Kocha."

"Marahaba. Mbona sura imekunjamana hivyo?"

Mawazo akamweleza: nyasi, mashine, mama. Kocha alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nyasi zilikuwa fupi kwako peke yako?"

"Hapana."

"Haya. Unafanya mazoezi saa ngapi?"

"Saa hii. Kila siku saa hii. Nakuja kuliko wote, Kocha!"

"Hilo nalijua. Sasa nataka usukume mpira mmoja tu. Kutoka hapa, kwa nguvu uliyozoea. Utakaposimama, choma kijiti. Kisha nenda zako. Urudi mchana usukume tena palepale, na jioni vilevile. Usiongeze nguvu, usipunguze. Ukimaliza, uniambie mkosaji ni nani."

Mawazo alisukuma. Mpira ulichora mstari wake kwenye umande, ukasimama. Akachoma kijiti, akaondoka.

Mchana alirudi. Kiwanja kilikuwa kama mahali pengine kabisa. Umande umekwisha, nyasi zimenyolewa, joto linacheza juu ya ardhi mpaka bendera zinaonekana zikielea. Alisimama palepale, akavuta pumzi, akasukuma kwa nguvu ileile. Mpira ukafika kwenye kijiti cha asubuhi, ukakipita kana kwamba haujakiona, ukaenda, ukaenda, ukasimama karibu na ukingo wa grini. Akachoma kijiti cha pili. Jioni, kivuli kilipoinyemelea grini na nyasi zikaanza kupoa, mpira ulisimama katikati ya vijiti viwili.

Mawazo alikaa chini kati ya vijiti vyake. Safari hii hakuona mto wala reli. Aliona nyasi. Akazipapasa kwa kiganja. Asubuhi zilikuwa na maji, tena zimeota usiku kucha, zikaushika mpira. Mchana zilikuwa kavu na fupi, zikauacha uende. Na yeye, kwa bidii yake yote, alikuwa amejifunza grini ya saa moja tu ya siku.

"Mkosaji ni nani?" Kocha aliuliza kutoka nyuma.

"Si mama."

"Basi mimi si wa kuambiwa kwanza."

Mawazo alikwenda nyumbani mbio. Mama alikuwa akianua nguo. "Mama, nisamehe. Nyasi hazikuwa na kosa. Wala wewe. Nilikosa mimi, nikatafuta wa kumbebesha."

Mama alimtupia shuka moja, akamfunika kichwa. "Shika huko mwisho tukunje. Na siku nyingine ukitaka kunibebesha, nibebeshe kitu chepesi." Wakacheka wote wawili, mmoja akiwa bado ndani ya shuka.

Wiki ile mazoezi yalibadilika. Kocha alimnyang'anya mipira yote, akamwachia mmoja. "Ukiwa na mingi, ukikosa unavuta mwingine na unasahau. Kwenye mchezo hakuna mwingine. Sukuma, ufuate, utazame ulikosea wapi, kisha sukuma tena kutoka hapo." Alimkataza kusimama mahali pamoja: sasa karibu, sasa mbali, sasa kwenye mteremko, sasa kupanda. Kila mara, kabla ya kugusa mpira, ilimbidi achuchumae, atazame njia, apime kwa kuisukuma fimbo hewani kidogo, ndipo asogee. Na kabla ya kwenda nyumbani alipewa mtihani: aweke mpira pande zote za shimo, hatua moja tu, auingize kila mara. Akikosa, anaanza upya.

"Kocha, hatua moja ni ya watoto wadogo," alinung'unika siku ya kwanza. Kisha akakosa. Akaanza upya, akakosa tena. Hakunung'unika tena.

Akili yake haikuacha kuruka, la. Siku moja Kocha alimkuta ameduwaa, anatazama kipepeo aliyetua kwenye bendera. Alidhani atagombezwa.

"Mtazame vizuri," Kocha alisema. "Akiruka, rudi kwenye mpira. Kuota si vibaya. Vibaya ni kusukuma huku unaota."

Siku nyingine alikuja asubuhi, nyingine baada ya shule, na mara mbili mama alimsindikiza jioni, akakaa ukingoni akinywa chai, akiuliza maswali ya mtu asiyejua mchezo. "Sasa huo mpira umeufanyaje mpaka uzunguke shimo kama unaomba ruhusa?"

Jumamosi ya pili, mawingu yalishuka chini. Manyunyu yalianza, laini hata huyasikii, unayaona tu kwenye kope. Dunia yote ilikuwa kimya na ya kijivu. Watoto wengine walikimbilia mahali pa kuanzia. Mawazo alipita kwanza kwenye grini ya mazoezi. Alichuchumaa, akapapasa nyasi, akasukuma mpira mmoja karibu na mwingine mbali. Ulisimama mapema, ila si mapema kama wakati wa umande. Akatia akilini.

Kwenye grini ya kwanza, Kijiko aliikumbuka ile ya wiki iliyopita, akausukuma mpira kwa woga. Ukafa njiani. "Eh! Leo zimekula nini nyasi hizi?"

"Zimekunywa," Mawazo alisema. "Ongeza kidogo."

Alishangaa mwenyewe kwamba amemwambia. Lakini alikuwa amekwisha kumwambia, na Kijiko aliongeza kidogo, mpira wake ukafika.

Shimo baada ya shimo Mawazo alikwenda hivyo: anachuchumaa, anatazama, anapima, anasukuma. Mara mbili alikosa. Hakulaumu kitu. Kwenye shimo la mwisho, pigo lake la pili liliufikisha mpira kwenye mteremko wa grini, mbali na bendera. Alijua kwamba akiuingiza kwa mapigo mawili ana nafasi, na akihitaji matatu treni inaondoka bila yeye. Akavuta pumzi, akamwona baba akilini, mikono imejaa grisi, amesimama ukingoni. Akamwacha kwanza asimame huko. Akarudi kwenye mpira.

Akasukuma. Ukashuka taratibu, ukapinda kama alivyotaka, ukasimama hatua moja kutoka shimoni. Hatua ileile ya watoto wadogo. Hakuharakisha. Alichuchumaa, akapima, akasukuma. Mlio ule wa mpira kudondoka ndani ya shimo ni mdogo sana, lakini mama yake aliusikia kutoka ilipoegeshwa mashine.

Mapigo yalipojumlishwa, Kijiko alikuwa wa kwanza. Mawazo alikuwa wa nne.

Kocha aliwakusanya watoto wote chini ya paa la bohari, waliochaguliwa na wasiochaguliwa. "Sikilizeni," alisema. "Mtu anaweza kujitahidi kila siku na bado asisogee, kama bidii yake inarudia kile anachokiweza tayari. Fanyeni mazoezi ya yale yanayowashinda, na katika hali mtakayoikuta kwenye mchezo. Mkikosa, chunguzeni kabla ya kulaumu. Nyasi haimchukii mtu, jua halimchukii mtu. Ukijua kosa ni lako, shukuru, kwa maana lako ndilo unaloweza kulirekebisha. Hayo si ya gofu tu. Chukueni mwende nayo hata kwenye hesabu."

Watoto waliguna kusikia hesabu.

Mama alikuwa amekwisha kupiga simu. Alimpa binti simu. Upande wa pili palisikika nyundo na kelele za karakana, kisha zikapungua, kama mtu aliyetoka nje ili asikie vizuri.

"Mpira umeingia, mama?"

"Umeingia, Baba. Tunakuja. Utaniona."

Baba akakohoa. "Ngoja niombe ruhusa kazini. Mtacheza saa ngapi? Asubuhi au mchana?"

Mawazo alitazama nje. Manyunyu yalikuwa yakikatika, na mwanga mwembamba ulikuwa ukitambaa juu ya nyasi.

"Sijui, Baba," alisema. "Saa yoyote tu."