Taa Zilizong'olewa Upande wa Ua

Jumanne, tarehe 11 Juni 2024. Asubuhi hiyo Lindi ilikuwa na anga safi na upepo wa kusi wenye ubaridi, na umande ulikuwa bado haujakauka kwenye majani. Saa mbili kamili Koplo Stefania aliingia katika nyumba ya wageni ya Mzee Leonadi, mtaa wa Mtanda, alikoitwa kwa ajili ya wizi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mwizi mwenyewe huyo hapo." Mzee Leonadi alimwonyesha Alfani, mlinzi wake. "Taa zisipoonekana mpaka saa sita mchana, anaondoka."

"Sijaiba, afande," alisema Alfani. "Nikitoka hapa na jina la mwizi, nani tena Lindi hii atanipa geti nilinde?"

Taa zenyewe zilitumia jua. Zilifungwa juu ya nguzo fupi kando ya njia ya bustani, na usiku ziliwaka zenyewe mtu alipopita. Jioni iliyopita Alfani alikuta mbili za mwisho, zilizokuwa karibu na ua wa jirani, zimeng'olewa. Stefania aliinama. Hakuna kilichovunjwa. Skrubu zilikuwa zimelazwa juu ya nguzo, kana kwamba aliyezifungua alikusudia zitumike tena.

Mzee Leonadi alikuwa na mshukiwa wa pili: Romani, fundi aliyezifunga, ambaye pia aliuza taa kama hizo sokoni. Aliitwa, akaja akitafuna kitumbua.

"Bisibisi unayo?" Stefania alimuuliza.

"Fundi asiye na bisibisi ni fundi gani, afande? Ila ningekuwa mimi, ningechukua za getini, ndizo mpya. Hizi mbili zimechoka, tena zina kiherehere. Hata paka akipita ng'ambo ya ua, zinawaka."

Stefania akageuka kuutazama ua. Makuti yalikuwa yamelala upande mmoja, yakaacha pengo. Kupitia pengo hilo aliona uani kwa jirani: mlango wa choo, na kamba iliyoanikwa nguo nyeupe tupu.

"Hapo anaishi nani?"

"Bi Maimuna na dada yake," alisema Mzee Leonadi. "Mume wa Bi Maimuna alifariki mwezi uliopita. Hata mazikoni nilikwenda."

Stefania alimrudia Alfani. "Kabla ya jana hukuona jambo la ajabu kwenye taa hizi?"

Alfani alisita. "Utanicheka, afande."

"Sema tu."

"Nilizikuta zimefunikwa vitambaa vyeupe. Bafta, ile ya sanda. Zimefungwa kama kilemba. Nikasoma Ayatul Kursi, nikavichoma moto. Kesho yake nikakuta vingine, kwenye taa hizo hizo. Nikachoma tena. Nilijua kuna mtu ananitakia kifo."

"Mchawi wako ana mkono mzuri wa kufunga fundo," alisema Romani.

Stefania hakucheka. "Nyinyi subirini hapa. Mle ndani anaingia mwanamke tu."

Alipiga hodi. Bi Maimuna alikuwa ameketi mkekani, amevaa nguo nyeupe, tasbihi mkononi. Dada yake, Somoe, alikuwa akikoroga uji.

"Dada Somoe," Stefania alisema baada ya salamu na pole, "ile bafta iliyobaki iko wapi?"

Somoe aliweka mwiko chini. "Kabatini. Na taa nimezifungia humo humo."

Alitoka nazo mwenyewe hadi penye pengo la ua, wanaume wakiwa upande wa pili.

"Nilivuka hapa jana alasiri, Alfani alipokwenda kuswali," alimwambia Mzee Leonadi. "Dada yangu yuko edani, asionwe na wanaume wasio ndugu. Kila akitoka kwenda chooni usiku, taa zinamwangaza, na wageni wako wamekaa barazani wanatazama. Imefika mahali hanywi maji tangu magharibi."

"Ungeniambia, jirani," alisema Mzee Leonadi.

"Nimwambie mwanamume habari za dada yangu na choo? Nilizifunika, nikidhani mtaelewa. Huyu akachoma. Nikasema hawa wanatudharau."

"Mimi nilijua ni sanda yangu," alisema Alfani.

Kutoka ndani ilisikika sauti ya Bi Maimuna akicheka taratibu. Somoe aligeuka kusikiliza. Tangu msiba hakuwa amemsikia akicheka.

"Nilikosea kuchukua bila ruhusa," alisema. "Zaidi nimekukosea wewe, Alfani. Sikujua kuwa mzigo utakuangukia."

"Nimesamehe, dada. Lakini bafta imenikosesha usingizi."

Stefania alimuuliza Mzee Leonadi kama bado alitaka kufungua kesi. Mzee alivua kofia, akausogelea ua, akapaza sauti ili mjane naye asikie.

"Mbele ya Koplo, mbele ya fundi Romani, na wewe Bi Maimuna uliye ndani, nasema hivi. Alfani si mwizi, na kazi yake anayo. Ua huu leo hii nauziba kwa makuti mapya. Na Mungu akinipa uzima, hakuna taa itakayowaka upande huu mpaka utoke edani na useme mwenyewe, 'Leonadi, sasa washa.'"