Mtoto wa Nne Kwenye Kinara

Kinara kipya hakikupungua hata unywele. Hilo ndilo lililomtia Odile wasiwasi, maana kila mfua fedha wa Lyon anajua kuwa fedha ikipoa kwenye kalibu hunywea, na nakala haiwezi kulingana na kinara cha asili. Akakipima mara tatu. Kisha akatazama kitako, penye nyuso za watoto wanne waliolala kati ya majani ya mzabibu. Kwenye kinara cha kale wote walifumba macho. Kwenye hiki, wa nne alikuwa ameyafumbua.

Alimshuku mumewe, Anselme, kuwa amechezea patasi. Anselme alikana, ila hakumtazama usoni. Karakana ilinuka maziwa yaliyoungua, na jikoni hapakuwa na moto. Ghorofani binti yao Solène, wa miaka saba, alikuwa hajaamka tangu jana mchana, saa ileile fedha ilipomiminwa. Daktari alishampima, asione ugonjwa wowote.

"Fedha ilitosha?" Odile aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ilipungua kidogo."

"Ukaongeza nini?"

Anselme alikohoa weee, mwisho akasema. Alitia kikombe cha ubatizo cha Solène, chenye jina lake. Alidhani atanunua kingine, mtoto asijue.

Odile alimwita Bibi Perrine, jirani anayeponya walioungua kwa kuwapulizia dua. Bibi alitega sikio kwenye kinara, akajitoa haraka.

"Kinara hiki kina jini. Mmempa jina la mtoto, naye kalipokea. Msikiyeyushe, mtamyeyusha na aliyemo. Yeyusheni kikombe cha ubatizo cha mzazi wake, mkimimine kwenye kitako. Atamwachia mtoto, atamshika huyo."

Odile hakuwa nacho. Alilelewa na watawa, na yatima hawapewi vikombe vya fedha. Anselme akasema chake kilipotea zamani.

Kilipotea? Kikombe ambacho Odile alikisugua kila Pasaka? Basi vilikuwa viwili kabatini, na huyu baba alichagua cha mtoto.

Odile alikitoa kabatini, akakitia motoni, na kadiri jina la mumewe lilivyolainika ndivyo kinara kilivyogonga meza, taratibu kisha kwa pupa, huku harufu ya maziwa ikizidi na Bibi Perrine akipuliza dua, amejikinga uso kwa mkono, mpaka tone la mwisho likaingia, kukawa kimya.

Ghorofani sakafu ililia. Solène alikuwa akiomba mkate.

Odile alipanda ngazi mbiombio. Nyuma yake, Anselme aliketi kwenye benchi, akapiga mwayo mrefu.